Dijei, mwenye nyumba na gitaa moja: uchambuzi wa kisa cha tamthilia iliyoandikwa upya

Kundi la vijana wa Mwanza wanaotengeneza vichekesho vya YouTube walipiga picha sehemu mbili za tamthilia mpya, wakazionyesha kwa watu wachache kabla ya kuzirusha, kisha wakasimamisha kazi na kuandika upya karibu kila kitu. Niliitwa kusoma skripti katika kipindi hicho cha kuandika upya. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu naamini kimejibu swali ambalo waandishi wetu wa vichekesho wamelikwepa kwa miaka mingi: ukimweka mgonjwa ndani ya kichekesho, mtazamaji acheke nini?

Hadithi yao ni hii. Dijei ni kijana wa Morogoro anayepiga muziki kwenye sendofu, kipaimara na harusi. Amepanga chumba cha uani Mabatini, kule juu kwenye mawe, na anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba ni mzee wa miaka 70 na ushee, mgane, ambaye zamani alikuwa mpiga solo, yaani gitaa la kuongoza, katika bendi ya dansi. Hawaivi. Babu anauita muziki wa kijana "muziki wa kubonyeza", na kijana akimwona babu anakuja anapitia dirishani. Asubuhi moja babu anapanda ngazi kwenda kudai kodi, anaanguka mlangoni kwa mdaiwa wake. Ni kiharusi. Watoto wake mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja migodini Geita, mmoja Marekani. Wanafungua kundi la WhatsApp, wanavutana siku nzima, mwishowe wanamwangukia mpangaji: deni limefutwa na chumba ni bure, ila mwangalie mzee mpaka tupate mtu. Mtu hapatikani.

Mwanzo huo haukuguswa wakati wa kuandika upya, na ulistahili kubaki. Mpangaji si ndugu, si mkwe, wala si jirani wa siku nyingi. Mila haimdai chochote. Kilichomfunga ni kodi, na kila mpangaji wa Mwanza anaelewa kodi ni kitu gani. Mwandishi akishampa mhusika sababu ya aibu ya kufanya jambo jema, amejipatia kichekesho cha sehemu nyingi, kwa kuwa kila mara kijana anaposifiwa mtaani kwa moyo wake wa huruma, sisi tunajua kilichomleta.

Tatizo lilikuwa kilichofuata. Sehemu hizo mbili zilionyeshwa Kirumba, kwenye ukumbi mdogo, kwa watu wa rika mbalimbali. Walicheka sana. Mwishoni watu wakaombwa maoni, na mama mmoja anayemuuguza mumewe aliyepooza akasema maneno machache: "Mmecheka mate. Mimi hayo mate nayafuta kila siku." Kisha akaaga.

Dairekta alijibu kwamba ukumbi mzima ulicheka, na ni kweli. Lakini jibu hilo halikumtosha hata yeye, ndiyo maana kazi ikasimama. Wakairudisha picha mwanzo, wakaweka alama kila palipotokea kicheko, wakaandika pembeni kilichochekwa. Ile orodha niliisoma. Mate. Mdomo uliopinda. Maneno ya kubwabwaja yasiyoeleweka. Pampasi. Babu kukabwa na mwiba wa sato. Babu kudondoka kwenye kiti cha plastiki wakati vijana wanne wanamshusha mlimani. Dijei, ambaye ndiye mhusika mkuu, alikuwa hana kicheko hata kimoja cha kwake. Kazi yake ilikuwa kushika pua na kutazama kamera.

Nisingependa hoja hii ichukuliwe kama suala la adabu peke yake. Adabu ingetosha kunifanya niseme mfute, lakini kulikuwa na kasoro ya ufundi iliyo kubwa vilevile. Katika kurasa zote za mwanzo, babu hakutaka kitu. Hakukasirikia jambo, hakukataa, hakudanganya, hakumtegea mtu. Alikuwa mzigo wa kubebwa na kupanguswa. Mhusika asiyetaka kitu hachekeshi, anachekwa tu, na kicheko cha namna hiyo kinaisha upesi: sehemu ya pili mate yaleyale yalichekwa kidogo kuliko ya kwanza. Waandishi wangelazimika kuongeza uchafu kila wiki ili kupata sauti ileile ukumbini.

Basi tulianza na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa ulikuwa umeandikwa kwa kubahatisha. Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba ama umepasuka. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu walio wengi ndio pia wenye mitambo ya kusema. Kwa hiyo mtu anayepooza kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Toleo la kwanza lilimpooza babu kushoto, kwa sababu tu mwigizaji aliona ni rahisi kwake. Tulipomhamishia kulia, hadithi nzima ilikaa sawa, maana jeraha lilelile moja lilimnyang'anya mpiga gitaa vitu viwili: ulimi na mkono wa kucharaza nyuzi.

Halafu kuna jambo ambalo waandishi hawakulijua, na lilipoingia mezani chumba kilichangamka. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa wake ambaye alielewa anayoambiwa lakini kinywani alibakiwa na silabi moja tu, "tan", aliyoitumia kwa kila kitu. Wagonjwa wa namna hii wapo hata leo, na wapo Mwanza. Akili ipo, nia ipo, hasira ipo, na neno linagoma. Lakini si maneno yote yanayogoma. Yale yaliyozoeleka mno, yanayotoka yenyewe bila kutafutwa, mara nyingi hunusurika: kuhesabu moja mpaka kumi, sala, matusi, salamu. Na nyimbo. Mtu anayeshindwa kuomba maji anaweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa ujana wake, na maneno yakatoka yamenyooka.

Fikiria maana yake kwetu. Mzee wa Kiswahili aliyepoteza usemi, ukimwambia "Shikamoo", anaweza kuitikia "Marahaba" safi kabisa.

Hapo ndipo tamthilia ilipozaliwa upya. Katika toleo la kwanza Dijei hakumsalimia babu hata mara moja, na hakuna aliyeliona hilo kuwa kasoro. Sasa imekuwa msingi. Kijana huyu tangu ahamie hajawahi kumwamkia mwenye nyumba wake kwa sababu anamkimbia. Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, amechoka, hajui mzee anataka nini, anaingia na kikombe cha uji na kwa mara ya kwanza, kwa kukata tamaa tu, anasema: "Shikamoo, babu." Babu anageuka, anamtazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji, na kwa sauti nzito iliyotulia: "Marahaba." Kikombe kinamponyoka. Anatoka mbio kuita majirani kwamba mzee amepona. Majirani wanakuja, wanauliza habari za toka juzi, unaumwa wapi, na babu hana jibu. Wanamtazama kijana kwa kumhurumia. Anawaomba: mwamkieni, mwamkieni kwanza! Wanaamkia. "Marahaba." Basi siku nzima nyumba inajaa shikamoo, na babu, ambaye kwa muda mrefu hakupata heshima hiyo kwa mpangaji wake, anaipokea yote bila kuchoka.

Tukio hilo halina mate ndani yake. Anayechekwa ni kijana aliyekuwa na deni la salamu pamoja na lile la kodi, na anayelifaidi deni ni mgonjwa.

Salamu ileile ikaiokoa na safari ya kushuka mlimani. Anayeifahamu Mabatini, au Igogo, au Bugarika, anajua nyumba zilivyopandiana juu ya mawe, ngazi hazilingani, na bodaboda inaishia chini. Kumpeleka mgonjwa kliniki ni vijana wanne, kiti cha plastiki, na kanga imefungwa kifuani asiteleze. Zamani walimdondosha ili watu wacheke. Sasa kiti hakidondoki. Kila mlango wanaopita kuna mtu, na hakuna mtoto wa Mwanza aliyelelewa atakayempita mzee bila kumwamkia. "Shikamoo, babu." "Marahaba." Msafara unasimama. Mlango wa pili vilevile. Jua limepanda, mikono ya wabebaji inatetemeka, namba ya kliniki imeshapitwa, na Dijei anajikuta akipiga kelele kwa majirani jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia likitamkwa mtaani: "Msimwamkie!" Bibi mmoja anakasirika, anamwendea babu kwa Kisukuma, "Mwangaluka", na babu anamwitikia "Mwangaluka" kwa tabasamu la upande mmoja. Kijana wa Morogoro hakujua hata kama mzee anajua Kisukuma. Ni kurasa mbili tu, na kwa maoni yangu ndizo bora katika skripti nzima.

Mdomo uliopinda upo palepale kwenye tabasamu lile. Hatukuuficha. Mama wa Kirumba hakulalamika kwamba ugonjwa umeonyeshwa.

Neno la pili la babu lilizua ubishi. Wagonjwa wengi hubakiwa na neno moja linalojirudia, na waandishi walipendekeza maneno kadhaa ya kuchekesha kwa sauti tu. Niling'ang'ania "bado", kwa kuwa ni neno la kawaida, linaingia kila mahali, na linaleta matatizo. Umechoka? Bado. Tuzime taa? Bado. Binti yake anapanda basi kutoka Dar es Salaam kuja kumwona, anafika, anapiga magoti: "Baba, umekula?" Mzee amemaliza bakuli la uji muda si mrefu, bakuli liko pale, na midomo bado ina unyevu. "Bado." Binti anamgeukia mpangaji. "Tangu jana?" anauliza. "Bado," anajibu baba kwa huzuni. Dijei anashitakiwa kwenye kundi la WhatsApp kwamba anamnyima mzee chakula, ndugu wa Marekani anaamka usiku wa manane kuandika maneno makali, na kijana anaanza kupiga picha kila kijiko na kuituma kundini. Kuanzia hapo kundi zima linajaa picha za vijiko, saa na tarehe, na hakuna anayezijibu. Ninaowafahamu wanaouguza wazazi wa watu wengine wote wamelijua tukio hili wakicheka kwa uchungu, maana mlezi siku zote yuko chini ya tuhuma, na wanaomtuhumu ni wale wasiokuwepo.

Suala la kula lilihitaji uangalifu. Baada ya kiharusi koo pia linaweza kulegea, na maji matupu ni hatari kuliko uji mzito kwa sababu yanakimbia na kuingia njia ya hewa. Mgonjwa anakalishwa wima, anapewa kidogo kidogo, na hapaswi kulazwa mara tu anapomaliza. Kukabwa kunaweza kumletea homa ya mapafu na kumwua. Tukio la mwiba wa sato likafutwa lote, na hapo sikukubali mjadala, kwa sababu mtazamaji anaiga anachokiona. Badala yake Dijei anakwenda Mwaloni kununua samaki akiwa na masharti mapya, asubuhi akiwa na miwani ya usiku wa harusi. Anataka mnofu wa sangara, auchambue mwenyewe, auchemshe upondeke. Wauza samaki wanamuuliza ana mtoto wa miezi mingapi. Hajui aseme nini. Anasema sita. Wiki inayofuata wanamuuliza kama meno yameota.

Kisha kuna usiku. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya mgongo na nyonga inakufa kwa kulaliwa na kuwa kidonda. Ukimwambia kijana hivyo atakubali, na saa nane za usiku hatasikia saa ya simu. Mwandishi mmoja wa kundi, ambaye mwenyewe amewahi kupiga disko, ndiye aliyeleta jibu: dijei anaweza kulala kwenye kelele yoyote, lakini muziki ukikatika anaruka. Ukimya ukumbini ndiyo hofu yake kubwa. Kwa hiyo Dijei anatengeneza miksi ya saa mbili kamili, anaiacha ipige kwa sauti ya chini, na inapokatika anaruka kitandani akitafuta kebo, mikono hewani, kabla hajakumbuka yuko wapi. Ndipo anamgeuza babu. Anabonyeza tena. Haya yanaonyeshwa bila maneno, mara tatu mfululizo, na mara ya tatu babu ameshaamka kabla yake, amekwisha jivuta bega kidogo kumsaidia.

Suala la kumwogesha mzee lilipita haraka kuliko nilivyotarajia. Kwa kijana kuona uchi wa mtu wa rika la babu yake ni jambo zito, na waandishi walitaka kulikwepa. Wakaliweka nyuma ya pazia: tunasikia maji, tunasikia Dijei akiomba radhi mfululizo, "samahani babu, samahani, samahani tena", na babu akijibu "bado, bado". Inatosha.

Sasa muziki. Katika toleo la kwanza muziki ulikuwa pambo: singeli wakati wa vurugu, kinanda cha huzuni wakati wa huruma. Tamthilia ina wanamuziki wawili na hakuna hata mmoja anayefanya kazi yake! Tulipojua kwamba wimbo unanusurika pale maneno yanapokufa, hatukuwa na sababu ya kuuacha pembeni. Mwaka 1973 watafiti wa Boston, Marekani, walieleza njia ya kumfundisha mgonjwa sentensi fupi kwa kuziimba polepole huku akigonga kwa mkono wa kushoto, kisha sauti ya wimbo inapunguzwa hatua kwa hatua mpaka karibu na usemi wa kawaida. Si muujiza, haimfai kila mgonjwa, na huongozwa na mtaalamu. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache mno, hivyo kwenye hadithi anayemwelekeza Dijei ni mtu wa mazoezi ya viungo aliyewahi kuiona ikifanywa.

Dijei anaielewa papo hapo kwa sababu ni lugha yake: kipande kifupi, mdundo, rudia. Anaweka biti. Biti ni ya singeli, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mzee anatakiwa kuimba "nataka maji" juu yake. Babu anamtazama kwa dharau isiyohitaji maneno. Kijana anapunguza mwendo. Bado. Anapunguza tena. "Bado." Kipimo kinaendelea kushuka mpaka dijei, aliyezoea kuwarusha watu, anafika kwenye mwendo wa rumba ambao hajawahi kuupiga maishani mwake, na hapo vidole vya mkono wa kushoto wa babu vinaanza kugonga ukingo wa kitanda. "Na-ta-ka maji." Kijana anakimbilia maji, babu anayakataa: alikuwa anaimba tu. Hayo ndiyo niliyokuwa nayaita kutaka kitu. Mzee ana ladha yake ya muziki, na hata kiu haimfanyi aishushe.

Gitaa linaingia sehemu ya nne. Mpiga gitaa anayetumia mkono wa kulia hubana nyuzi shingoni kwa kushoto na kuzicharaza kwa kulia. Mkono wa kushoto wa babu ni mzima. Kumbukumbu za vidole zote zipo pale, sauti zote anaweza kuzibana, ila hana wa kuzipiga. Dijei anakaa nyuma yake kitandani, anapitisha mkono wake wa kulia kwenye kwapa la babu, anacharaza. Wanaume wawili, gitaa moja. Mwanzoni ni vurugu tupu, kwa kuwa anayecharaza ndiye anayeshika mwendo na anayebana ndiye anayeshika wimbo, na kila mmoja anadhani yeye ndiye bosi. Babu akichukizwa na mwendo anabana sauti mbovu kwa makusudi, na gitaa linapiga kelele kama paka aliyekanyagwa. Mwigizaji wa babu alijifunza kubana nyuzi hizo kwa kweli, akifundishwa na mpiga gitaa wa bendi ya harusi, na inaonekana. Ningesikitika sana kama wangetumia mkono wa bandia na sauti ya kubandika.

Kundi lilitafuta namna ya kuwashindanisha wawili hao, na jibu lilikuwa karibu, Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma jirani na Mwanza. Wasukuma wana makundi makuu mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, na kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni makundi yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Ndiyo maana wachezaji wao ni hodari wa vituko: watazamaji hawalazimishwi kukaa, wanaweza kugeuka wakaenda upande wa pili. Sehemu ya tano imejengwa hivyo. Siku ya sherehe mtaani spika za Dijei ziko upande mmoja wa uwanja, babu na gitaa lake upande wa pili, na majirani wako katikati. Lakini babu hawezi kupiga bila mkono wa mpinzani wake. Dijei anaanzisha miksi, anakimbia kucharaza gitaa, miksi inakaribia kukatika, anarudi mbio, na watu wanamfuata huku na huku. Anashindana na nafsi yake, na anashindwa, kwa sababu umati unaishia kwenye gitaa.

Walitaka hapo babu apige wimbo maarufu wa dansi wa miaka ya 1970. Nilipinga, na sababu inafaa kuelezwa kwa wengine wanaotengeneza kazi za mtandaoni. Bendi nyingi za zamani zilikuwa mali ya mashirika, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo waliotaka sahani walikwenda Nairobi. Nyimbo zikajulikana kwa jina la bendi na mtunzi akasahaulika. Hiyo haimaanishi wimbo hauna mwenyewe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Karibu nyimbo zote za kipindi hicho bado zina wenyewe, walio hai au warithi wao, na njia ya kuwatafuta inaanzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Ingekuwa ajabu kutengeneza tamthilia inayomlilia mwanamuziki mzee huku tukichukua kazi ya mwanamuziki mzee bure. Wakatunga wimbo wao, wenye ubeti wa polepole na chemko, yaani sehemu ya kasi ya kucheza, mwishoni, na mpiga gitaa aliyewafundisha akalipwa na kuandikwa jina.

Toleo jipya lilionyeshwa tena. Dakika za mwanzo watu walicheka kidogo kuliko mara ya kwanza, na wapo katika kundi walioingiwa na hofu, kwa maana mtazamaji anayelipia bando hana subira. Hofu hiyo ni halali. Kuanzia "marahaba" kicheko kilipanda, na kwenye ngazi za Mabatini watu walikuwa wanapiga makofi mapajani. Tofauti niliyoiona mimi ilikuwa baada ya onyesho: watu walimzungumzia babu kwa yale aliyoyafanya, jinsi alivyomtesa kijana, jinsi alivyokataa maji.

Kuna mambo mawili ambayo hayajakaa vizuri. La kwanza ni kwamba wanaouguza nyumbani kwa sehemu kubwa ni wanawake, na hadithi inampa sifa mwanamume kwa kazi ambayo jirani yake mwanamke anaifanya bila kamera. Waliongeza jirani, mama mwenye mtoto mlemavu, ambaye kila Dijei anapojisifu anamwonyesha njia fupi zaidi ya kufanya jambo lilelile. Yupo kwenye matukio matatu. Angekuwa kwenye kumi ningeridhika.

La pili ni sehemu ya mwisho. Rasimu moja ilimsimamisha babu jukwaani, anaimba, anatembea. Ilifutwa, kwa kuwa familia nyingi zenye mgonjwa wa kiharusi zimeshauziwa dawa na maombi kwa ahadi ya namna hiyo. Babu anabaki na maneno machache zaidi ya aliyoanza nayo, na mkono wa kulia ni uleule. Kinachotokea ni kwamba watoto wanapata mtu wa kumlipa mshahara, na Dijei anaarifiwa kwenye kundi kwamba ahsante, kazi imekwisha, kuanzia mwezi ujao kodi inaendelea. Anachukua daftari. Anaandika usiku aliogeuza, harusi alizokosa, pampasi alizonunua mfukoni, anapiga hesabu kwa kiwango kilekile atakacholipwa mtu mpya, anatoa kodi ya miezi yote, na kinachobaki anakituma kundini. Watoto ndio wanaodaiwa.

Ubishi uliopo sasa ni kama wanalipa. Dairekta anataka walipe, muziki upande, watazamaji wafurahi. Mwandishi mkuu anataka wamteremshie bei, mmoja aseme atatuma nusu mwisho wa mwezi, mwingine atume alama ya moyo tu, na babu, aliyeshika simu kwa mkono wa kushoto, arekodi ujumbe wa sauti wa neno moja kwa wanawe. Mimi niko upande wa mwandishi.